Dawa ya saratani ya matiti imeshuka bei, lakini jibu la maabara liko wapi?

MWAKA wa 2025 Wizara ya Afya, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) na kampuni ya dawa ya Roche zilitangaza makubaliano yaliyowafurahisha wengi. Bei ya Herceptin, sindano inayotibu aina moja ya saratani ya matiti, ingeshuka kutoka takriban Sh120,000 hadi Sh40,000 kwa kila dozi, na bili hiyo ingelipwa na SHA. Mgonjwa anayehitaji dozi 18 katika muda wa mwaka mmoja alikuwa anatazama hesabu ya zaidi ya Sh2 milioni. Hizo ni pesa za kuuza shamba, si pesa za kuchangisha kwenye kikundi cha WhatsApp.

Hizo ni habari njema, hakuna ubishi. Lakini kuna swali ambalo halikuulizwa sana mitandaoni watu walipokuwa wakishangilia. Anayestahili kudungwa sindano hiyo anajulikanaje?

Herceptin haifanyi kazi kwa kila mwenye saratani ya matiti. Inalenga protini iitwayo HER2, na inawafaa tu wale ambao seli za uvimbe wao zina protini hiyo kupita kiasi. Hao ni kati ya 15 na 20 katika kila wagonjwa 100. Daktari hawezi kuwatambua kwa kuwaangalia, kwa kuwagusa wala kwa kuwapiga picha, hata mashine iwe mpya namna gani. Lazima kipande kidogo cha uvimbe kitolewe, kihifadhiwe vizuri, kifike maabara, kitiwe kemikali maalum na kisomwe chini ya hadubini na mtu aliyesomea kazi hiyo.

Kwa maneno mengine, tumepunguza bei ya kitu kilicho mwisho wa foleni. Shida kubwa ya Kenya iko katikati ya foleni hiyo, kati ya siku mtu anapogusa uvimbe na siku anapoambiwa kwa uhakika ni nini. Kipindi hicho hakina utepe wa waridi wala sherehe ya kukata riboni, na ndipo watu wengi wanapopotelea.

Hesabu ilivyo

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikadiria kwamba mwaka wa 2020 Wakenya 6,799 walipatikana na saratani ya matiti, na 3,107 wakafariki kutokana nayo. Waliofariki si lazima wawe walewale waliogunduliwa mwaka huo, lakini ukiziweka takwimu hizo mbili pamoja unaona picha. Kwa kila wawili wanaopata habari hiyo mbaya, karibu mmoja anazikwa.

Kwingine mambo si hivyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya wanawake 90 kati ya 100 huwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa. Utafiti mkubwa uliofuatilia wagonjwa katika nchi tano za Afrika, zikiwemo Uganda, Zambia na Nigeria, ulipata kwamba baada ya miaka mitatu tu, nusu ya wagonjwa walikuwa wamefariki. Watafiti hao walipiga hesabu na kusema kati ya asilimia 28 na 37 ya vifo hivyo vingeepukika iwapo ugonjwa ungegunduliwa mapema kiasi na matibabu yaboreshwe. Hawakuzungumzia miujiza bali mambo yanayowezekana katika nchi zetu hizihizi.

Mtu akisikia "kugunduliwa mapema" anafikiria tu mwanamke aliyechelewa kwenda hospitali kwa sababu ya woga, aibu au mganga. Kweli, hao wapo. Ila kuna wengine wengi waliokwenda mapema, wakaambiwa warudi, wakatumwa kwa picha, wakarudishwa, wakatozwa, wakangoja majibu, na jibu lilipopatikana uvimbe ulikuwa umeshakua. Huyo si mgonjwa aliyechelewa. Mfumo ndio uliomchelewesha.

"Lakini mimi ni kijana"

Wacha tuseme ukweli kwanza, maana hofu nayo ni ugonjwa. Uvimbe mwingi kwenye matiti si saratani. Kwa msichana wa miaka 17 au mwanamke wa miaka 25, kinundu laini na kigumu kidogo, kinachoteleza chini ya kidole kama gololi, mara nyingi ni fibroadenoma, uvimbe wa kawaida usio na madhara. Kingine kinaweza kuwa kifuko cha maji. Kwa mama anayenyonyesha, titi likiwa jekundu, lenye joto na maumivu, huenda ni maambukizi au jipu.

Basi mbona tujali? Kwa sababu neno "mara nyingi" halimaanishi "kila mara". Na hapo ndipo vijana wanapoumia kwa njia tofauti na mama zao. Mwanamke wa miaka 55 akienda na uvimbe, daktari anashtuka. Wa miaka 26 akienda na uvimbe uleule, anaambiwa ni homoni tu, apewe tembe za maumivu, arudi ikiwa haitapungua. Anayenyonyesha anapewa viuavijasumu, halafu vingine, halafu vingine tena.

Huwa tunasikia kwamba saratani ya matiti Afrika inawapata vijana zaidi kuliko Ulaya. Kauli hiyo inahitaji kufafanuliwa. Sababu moja ni kwamba sisi wenyewe ni taifa la vijana. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa Wakenya watatu kati ya wanne wana umri wa chini ya miaka 35. Ukiwa na vijana wengi hivyo, hata ugonjwa ambao ni nadra kwa kijana mmojammoja utaleta wagonjwa vijana wengi hospitalini. Kwa hivyo hatari yako binafsi ukiwa na miaka 24 ni ndogo. Lakini daktari wa Kenya anayedhani ugonjwa huu ni wa nyanya tu atakosea mara nyingi kuliko mwenzake wa Ulaya.

Wanaume nao wasijifanye hayawahusu. Karibu mgonjwa mmoja katika kila 100 wa saratani ya matiti ni mwanamume, na wengi wao huchelewa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba inawezekana.

Kanuni ni rahisi: kila uvimbe usioondoka unastahili jibu, si kubahatisha. Vivyo hivyo ngozi inayobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, damu kutoka kwenye chuchu, au uvimbe kwapani. Na ikiwa uliambiwa ni maambukizi, ukameza dawa yote ukamaliza na uvimbe bado upo, usikubali dozi ya pili bila picha.

Mambo matatu yanayopaswa kukubaliana

Madaktari wa matiti kote duniani hutumia utaratibu mmoja wenye hatua tatu. Kwanza, daktari anakuuliza maswali na kukupima kwa mkono. Pili, unapigwa picha. Tatu, palipo na shaka, unatolewa kipande cha nyama kiende maabara. Siri ya utaratibu huu ni kwamba hatua zote tatu lazima zikubaliane. Mkono ukisema kuna shida, picha iseme kuna shida, halafu maabara iseme ni salama, hapo hujapona. Huenda sindano ilikosa shabaha, na kipimo kinapaswa kurudiwa. Ni watu wengi wanaopewa jibu la "hakuna kitu" na kwenda nyumbani kusherehekea, kumbe mambo matatu hayakukubaliana.

Tuje kwa picha. Watu wengi wanajua mamogramu, ile eksirei ya matiti ambapo titi hubanwa kati ya sahani mbili. Inabana, ndiyo, lakini ni kwa sekunde chache. Nguvu yake ni kwamba inaweza kuona vichembe vidogo vya chokaa ambavyo wakati mwingine ndio dalili ya kwanza kabisa ya saratani, kabla hata ya uvimbe kugusika. Mwongozo wa kitaifa wa uchunguzi wa saratani wa 2018 unapendekeza mamogramu ya kawaida kuanzia umri wa miaka 40.

Mbona si 20? Kwa sababu titi la msichana limejaa tishu nzito ambazo kwenye mamogramu huonekana nyeupe. Uvimbe nao huonekana mweupe. Ni kama kumtafuta mbuzi mweupe kwenye ukungu. Kwa wenye umri wa chini ya miaka 30, na hata wengi wa miaka thelathini na kitu, picha ya kwanza inayofaa ni altrasaundi. Hiyo haina mionzi, mama mjamzito anaweza kuitumia, inatofautisha kifuko cha maji na uvimbe mgumu, na inamwongoza daktari anapoingiza sindano.

Hili lina maana yake kila Oktoba, mabango ya "mamogramu ya bure" yanapowekwa kila mahali. Dada wa miaka 23 mwenye uvimbe anaweza kupanga foleni asubuhi nzima kwa kipimo ambacho si chake, kisha arudi nyumbani akiamini yuko salama.

Ukipata ripoti ya picha, tafuta namba. Wasomaji wa picha hutumia kipimo kiitwacho BI-RADS, chenye alama kuanzia 0 hadi 6. Alama 0 maana yake picha haikutosha, unahitaji nyingine. Si jibu. Alama 1 na 2 ni salama. Alama 3 ina maana kwamba uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2, na kwa kawaida utaambiwa urudi baada ya miezi sita. Alama 4 ina maana kuna shaka ya kutosha kutoa kipande cha nyama, na alama 5 ina maana uwezekano ni zaidi ya asilimia 95. Alama 6 hupewa aliyekwisha kuthibitishwa. Sasa jiulize: ni wangapi hukabidhiwa karatasi yenye alama 0 au 4 ndani ya bahasha, wakaiweka kabatini kwa sababu hakuna aliyewaambia inasemaje?

Ile sindano inayoogopwa

Kwenye vijiji na mitaa yetu kuna imani kwamba uvimbe ukiguswa na kisu au sindano, "unaamka" na kusambaa. Imani hii haikutoka hewani. Watu wameona jirani akitolewa kipande, na miezi michache baadaye wanamzika. Lakini waliyoyaona ni ugonjwa uliokuwa umeshaenea kabla ya sindano. Kutoa kipande hakuleti saratani wala hakuigeuzi kuwa kali. Kukaa bila jibu ndiko kunakoipa nafasi ya kukua.

Kuna sindano za aina mbili, na tofauti yake si ndogo. Ya kwanza ni nyembamba, inavuta seli chache tu. Ni ya haraka na ya bei nafuu, inafaa kwa kifuko cha maji au tezi za kwapani. Ya pili ni nene kidogo, inatumika baada ya kutiwa ganzi, na inatoa vijiti vyembamba vya nyama. Hiyo ndiyo inayomwezesha msomaji wa maabara kuona kama saratani imetoboa kuta za mirija ya maziwa na kuvamia, au bado imefungiwa ndani. Na ndiyo inayotoa nyama ya kutosha kupima vipokezi vya homoni na ile protini ya HER2.

Bado kuna mahali ambapo mgonjwa hupelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji, uvimbe wote ukatolewa, halafu ndipo maabara inaulizwa ulikuwa nini. Kukata kwanza na kuuliza baadaye kunaonekana kuwa haraka, lakini kuna gharama yake. Ikiwa kweli ilikuwa saratani, huenda kingo hazikukatwa kwa upana unaotakiwa, tezi za kwapani hazikukaguliwa, na nafasi ya kuanza na dawa ili kupunguza uvimbe kabla ya upasuaji imepotea. Mgonjwa anarudi mezani mara ya pili.

Safari ya kipande cha nyama

Sasa tufike mahali ambapo hakuna kamera za televisheni hufika.

Kipande kikishatoka mwilini, kinaanza kuharibika kama nyama nyingine yoyote. Miongozo ya kimataifa inasema kinapaswa kuingizwa kwenye fomalini ndani ya saa moja, kwa kiasi cha kama mara kumi ya ukubwa wa kipande chenyewe, na kikae humo kwa muda usiopungua saa 6 wala kuzidi saa 72. Ukikiacha mezani daktari akamalizie wodi, ukikitia kwenye maji ya chumvi, ukikibana ndani ya kichupa chenye fomalini ya kulowesha tu, au kikikaa wikendi mbili kwenye droo kikisubiri gari, protini zile zinazotafutwa hufifia. Maabara itapima kwa uaminifu kabisa na kutoa jibu la uongo: haina HER2, haina vipokezi vya homoni.

Fikiria maana yake. Huyo mwanamke atanyimwa Herceptin iliyoshushwa bei, kwa sababu karatasi inasema haimfai. Na atanyimwa hata tamoxifen, kidonge cha bei nafuu ambacho kimo kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu, na ambacho mgonjwa mwenye vipokezi vya homoni humeza kwa miaka mitano au zaidi ili kuzuia ugonjwa usirudi. Ataandikiwa kwamba ana aina kali isiyo na HER2 wala vipokezi vya homoni. Aina hiyo ipo kweli, na huonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika. Lakini haifai mtu aandikishwe humo kwa sababu ya kichupa kibaya.

Mahali ambapo hospitali haina maabara ya aina hii, kipande husafiri. Kuna kinachosafirishwa na hospitali, na kuna kinachokabidhiwa jamaa wa mgonjwa kwenye mfuko wa plastiki akipande matatu akipeleke mwenyewe, alipe mwenyewe, na arudi mwenyewe kuchukua jibu. Vipimo vya homoni na HER2 mara nyingi hulipiwa kando na vya kwanza. Mtu akikosa pesa hapo, kesi inasimama.

Kisha kuna msomaji wa kipande hicho. Mkenya wa kawaida akisikia "mwanapatholojia" anafikiria yule wa kwenye taarifa ya habari, anayepasua maiti na kuwaambia wanahabari chanzo cha kifo. Kumbe sehemu kubwa ya taaluma hiyo ni kwa ajili ya walio hai. Yeye ndiye anayesema ni saratani au si saratani, na ni ya aina gani. Daktari wa upasuaji, mtaalamu wa dawa za saratani na wa mionzi wote wanasubiri neno lake. Lakini wataalamu hao ni wachache, na maabara zenye uwezo wa kupima HER2 zimejikusanya Nairobi na miji michache mikubwa. Mgonjwa wa Lodwar au Mandera hawezi kusema amekaribiwa na huduma eti kwa sababu dawa imeshuka bei.

Somo la mashine za kukodi

Si mara ya kwanza kwetu kununua mwisho wa foleni na kusahau katikati. Mwaka wa 2015 serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu, maarufu kama MES, uliokusudia kupeleka mashine katika hospitali mbili kwa kila mojawapo ya kaunti 47. Miongoni mwazo zilikuwa eksirei za kidijitali, altrasaundi na mashine za mamogramu. Kwenye karatasi, mwanamke wa kaunti yoyote alikuwa amefikiwa.

Kamati ya Seneti iliyochunguza mpango huo ilitoa ripoti yake mwaka wa 2020, na miongoni mwa iliyoyaona ni vifaa vilivyokaa bure kwa kukosa wataalamu, umeme wa kutosha au hata chumba cha kuviweka. Kaunti ziliendelea kukatwa pesa za kukodi. Wengi waliusoma mpango huo kama hadithi ya ufisadi. Lakini hata ukiweka kando pesa, kuna somo jingine: mashine haijisomi. Picha bila msomaji ni karatasi tu. Msomaji bila wa kutoa kipande ni shaka tu. Kipande bila fomalini ni nyama tu.

Kuna wanaosema suluhu ni kuwapima wanawake wote wenye afya, kaunti baada ya kaunti. Wazo hilo ni zuri kwa sikio. Lakini kila unapopima watu elfu wenye afya, utapata makumi wenye kitu cha kufuatiliwa. Ikiwa wale ambao tayari wana uvimbe mkononi wanangoja miezi, hao wapya utawaweka wapi? Ndiyo maana WHO huzishauri nchi zenye uwezo mdogo kuanza na wenye dalili, wapate jibu haraka, kabla ya kufungua milango kwa wote.

Ushahidi kuhusu kampeni zenyewe pia unatufunza. Huko Shanghai, watafiti waliwafuatilia wanawake zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo. Nusu walifundishwa kujikagua matiti kila mwezi. Matokeo yaliyochapishwa 2002 yalionyesha kwamba waliofundishwa hawakuwa na vifo vichache kuliko wenzao. Walichopata zaidi ni vipande vilivyotolewa kwa uvimbe usio na madhara. Huko Mumbai, wahudumu wa kawaida waliofunzwa walipima wanawake kwa mkono kila baada ya miaka miwili. Baada ya miaka 20, matokeo ya 2021 yalionyesha kuwa ugonjwa uligunduliwa ukiwa hatua za chini, na kwa wenye miaka 50 na zaidi vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30.

Hii haimaanishi usijue titi lako. Lijue, ndiyo. Lakini kujigusa peke yake, bila mlango wa kubisha baada ya kugusa, hakuokoi mtu. Kenya ina jeshi la wahudumu wa afya nyanjani wanaotembea nyumba kwa nyumba. Wakifunzwa vizuri na wakiwa na mahali pa kuwatuma watu, wanaweza kufanya kazi kuliko bango.

Siku 60

Mwaka wa 2023 WHO ilitoa mfumo wenye malengo matatu yanayokumbukika kirahisi: 60, 60, 80. Angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe wakiwa hatua ya kwanza au ya pili. Jibu kamili lipatikane ndani ya siku 60 tangu mtu afike kituoni mara ya kwanza. Na angalau asilimia 80 wamalize matibabu yao.

Kati ya malengo hayo, lile la siku 60 ndilo ambalo kaunti yoyote inaweza kuanza kulihesabu kesho. Halihitaji mashine ya mabilioni. Linahitaji daftari lenye tarehe nne: siku mgonjwa alipofika, siku alipopigwa picha, siku kipande kilipotolewa na siku alipopewa jibu. Linahitaji fomalini isiyoisha, gari moja la kuzungukia hospitali na kukusanya vichupa kila wiki, mkataba na maabara inayojulikana, na mtu mwenye simu anayempigia mgonjwa jibu likitoka. Na linahitaji SHA ilipie uchunguzi kwa uzito uleule inaolipia dawa. Tukilipia sindano ya Sh40,000 mara 18 lakini tukamwacha mtu akwame kwa bei ya kipimo kimoja, tumeweka pesa mahali ambapo hawezi kuzifikia.

Tena wengi watakaopita kwenye mlango huo wataambiwa hawana saratani. Hilo nalo ni tiba. Msichana wa chuo anayelala macho wiki tatu akiwaza jeneza, akaambiwa ndani ya siku mbili kwamba ni fibroadenoma, amerudishiwa masomo yake.

Afya ya hospitali za kaunti ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Kwa hivyo swali hili si la Afya House pekee. Ni la gavana wako, na la MCA wako wakati wa kujadili bajeti. Vikao vya maoni ya umma hulalamikiwa kwamba vijana hawafiki. Safari hii fika na uulize mambo matatu: Je, hospitali yetu inatoa kipande kwa sindano nene, au inatuma watu kwingine? Kipande hicho kinakwenda maabara gani na kwa gharama ya nani? Na kwa wastani, jibu linarudi baada ya siku ngapi? Wakikosa kujibu la tatu, ujue hakuna anayehesabu.

Na ikiwa ni wewe, dada yako, mama au rafiki yako mwenye uvimbe leo, usingoje sera. Uliza umri wako unahitaji picha gani. Uliza alama ya BI-RADS. Kipande kikitolewa, uliza kama kimewekwa kwenye fomalini papo hapo na kitapimwa vipokezi vya homoni na HER2. Kabla ya kupimwa, uliza SHA inalipa nini katika kituo hicho ili usishtukie bili. Piga kila ripoti picha kwa simu uihifadhi, kwa sababu faili za hospitali hupotea. Usiondoke bila tarehe ya kurudi, na tarehe ikifika bila jibu, rudi ukalidai. Usione haya, wala usiogope kuitwa msumbufu. Jibu hilo ni haki yako.